Ove Andersson: Msweden aliyeitawaza Toyota katika mbio za Safari

Na Mwandishi Wetu, Mafia

MBIO za magari za Safari hazikuwahi kuvuka bahari kufika Mafia. Kisiwa hiki hakina barabara ya kutosha mashindano ya kilomita 5,000. Hata hivyo, mtu anayeshuka botini Kilindoni akitafuta usafiri wa kwenda Utende hahitaji kuelezwa Toyota ni kitu gani, kama asivyohitaji kuelezwa mkazi wa Kariakoo, Nairobi au Kampala.

Jina hilo limeenea kwa sababu nyingi. Ipo bei, ipo biashara ya magari yaliyotumika kutoka Japani, na upo wepesi wa kupata vipuri hata katika duka la uchochoroni. Lakini waliokuwa wakitega masikio redioni kila Pasaka katika miaka ya 1980 na 1990 wanaijua sababu nyingine. Kati ya mwaka 1984 na 1995, Toyota ilishinda mbio za Safari mara nane, na kila mara jina la dereva ndilo lililotangazwa kwanza. Jina la mtu aliyeijenga timu ile lilitajwa kwa nadra. Aliitwa Ove Andersson, raia wa Sweden, ambaye naye aliwahi kuzishinda mbio hizo akiwa ameshika usukani mwenyewe.

Andersson alizaliwa Januari 3, 1938, mjini Uppsala, na kukulia shambani. Sweden ni nchi ambayo maziwa yake huganda wakati wa baridi, watoto wakacheza mpira wa magongo juu ya barafu, na wanamichezo wake wengi wamevuka Bahari ya Atlantiki kwenda kucheza mchezo huo kwa malipo Marekani na Kanada. Barafu hiyo hiyo ilizaa pia madereva. Kijana anayejifunza kuendesha gari mahali ambapo tairi halishiki chini huzoea kuliongoza likiwa linateleza, na ujuzi huo hauna tofauti kubwa na ule unaohitajika kwenye tope la masika.

Katika miaka ya 1960 aliendesha magari ya Saab, kisha Lancia na Ford. Mwaka 1967 alishika nafasi ya pili katika mbio za Monte Carlo, akiachwa kwa sekunde chache na Rauno Aaltonen wa Finland. Wengi walimwona kuwa dereva mzuri asiye na bahati, hadi ulipofika mwaka 1971. Akiwa na gari dogo jepesi la Kifaransa, Alpine A110, alishinda Monte Carlo, Sanremo ya Italia, mbio za Alpine za Austria na Acropolis ya Ugiriki, zote ndani ya mwaka mmoja.

Ushindi wa namna hiyo leo ungemfanya bingwa wa dunia. Wakati ule taji lilikuwa la viwanda vya magari, si la madereva. Ubingwa wa dunia wa madereva haukuanza hadi 1979. Alpine ikachukua taji, Andersson akabaki na vikombe vyake vinne. Aliwahi kuzaliwa.

Ili kuuelewa uzito wa alichokifanya Afrika Mashariki, inafaa kukumbuka mbio za Safari zilikuwa kitu gani. Zilianza mwaka 1953, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza, zikizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Barabara hazikufungwa. Gari la mashindano lilipishana na basi la abiria, lori la mkaa na kundi la ng'ombe, usiku na mchana, na aliyechelewa kufika kituo cha muda alihesabiwa dakika za adhabu. Kwa kuwa zilifanyika Pasaka, mara nyingi zilikutana na mvua za masika. Dereva angeweza kuondoka Nairobi katika vumbi na saa chache baadaye akawa anasukuma gari kwenye tope la magotini.

Kwa karibu miaka 20 hakuna mgeni kutoka ng'ambo aliyeweza kuzishinda. Walishinda wakazi wa ukanda huu waliozijua njia, miongoni mwao Bert Shankland wa Tanzania, aliyeshinda 1966 na 1967 kwa Peugeot 404. Erik Carlsson, shujaa wa mbio za magari wa Sweden, alifika karibu kabisa mwaka 1964 alipokuwa wa pili kwa Saab yake. Katika mbio hizo gari lilikwama topeni, naye akalipindua likabiringika hadi nje ya dimbwi, likasimama kwa magurudumu na kuendelea na safari. Mwiko huo wa wageni ulivunjwa mwaka 1972 na Hannu Mikkola wa Finland akiwa na Ford Escort. Miaka miwili iliyofuata ushindi ulirudi nyumbani, kwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, na Joginder Singh wa Kenya.

Mwaka 1975 macho yote yalikuwa kwa Lancia. Waitaliano walileta Stratos, gari lililobuniwa tangu mwanzo kwa ajili ya mashindano tu, fupi, jepesi na lenye kasi ya kutisha, likiwa mikononi mwa madereva wa kiwango cha Sandro Munari na Björn Waldegård. Andersson na msoma ramani wake, Arne Hertz, walikuja na Peugeot 504, gari la milango minne ambalo katika miji yetu lilikuwa la wakurugenzi na baadaye likawa teksi. Kwa kulitazama tu, mashindano yalikuwa yamekwisha kabla ya kuanza.

Lakini Safari haikuwahi kuwa mbio za kasi peke yake. Ilikuwa mbio za kufika. Peugeot ilifika ya kwanza, na Stratos mbili zikafuata nyuma yake. Andersson akawa Msweden wa kwanza kushinda Safari akiwa dereva, na huo ndio ushindi pekee alioupata katika mashindano yaliyohesabiwa kwenye ubingwa wa dunia ulioanzishwa mwaka 1973. Mtu anaweza kushangaa kwamba dereva wa kiwango chake ana ushindi mmoja tu katika kumbukumbu hizo. Jibu ni kwamba kufikia wakati huo kichwa chake kilikuwa tayari kwenye kazi nyingine.

Mwaka 1972 alikuwa ameshiriki mbio za RAC za Uingereza akiendesha Toyota Celica, akamaliza wa tisa na wa kwanza katika daraja lake. Kampuni hiyo ya Japani haikuwa na jina kubwa Ulaya, na katika mbio za magari ilikuwa haijulikani kabisa. Andersson alianzisha karakana yake na kuanza kuwaandalia Wajapani magari ya mashindano. Mgogoro wa mafuta wa mwaka 1973 ukavikaba viwanda vya magari duniani kote, na fedha za mashindano huwa za kwanza kukatwa. Aliendelea hivyo hivyo. Mwaka 1975, miezi michache baada ya ushindi wake wa Safari, Mikkola aliipa timu hiyo ushindi wake wa kwanza wa ubingwa wa dunia, huko Finland, akiwa na Toyota Corolla. Makao ya timu yalikuwa Brussels, Ubelgiji, kabla ya kuhamia Cologne, Ujerumani, mwaka 1979.

Wenzake walimpa jina la utani la Påven, yaani Baba Mtakatifu kwa Kiswidi. Jina lilimkaa.

Katika miaka ya mwanzo ya 1980 Audi ya Ujerumani ilibadilisha mchezo kwa kuleta gari la Quattro, lililosukumwa na magurudumu yote manne. Kwenye theluji ya Ulaya, gari la magurudumu mawili ya nyuma lilionekana kuwa la kale. Toyota haikuwa na gari la kushindana nalo. Andersson alikuwa na Celica yenye turbo, nzito, ya magurudumu mawili ya nyuma, lakini imara. Alichofanya, kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, ndicho kipimo halisi cha akili yake: hakung'ang'ania kushindana mahali ambapo angeshindwa. Aliipeleka Afrika.

Gari hilo lilishinda mara sita katika ubingwa wa dunia, na mara zote sita zilikuwa katika bara hili, tatu Cote d'Ivoire na tatu Safari. Waldegård, aliyewahi kuachwa nyuma na Peugeot ya Andersson, sasa alikuwa dereva wake, akashinda Safari ya 1984 na ya 1986. Katikati, mwaka 1985, Andersson alimwamini kijana wa Kifini wa miaka 26, Juha Kankkunen, ambaye hakuwahi kushiriki Safari. Akashinda katika jaribio lake la kwanza. Audi Quattro, pamoja na sifa zake zote, haikuwahi kushinda Safari. Wajerumani walisubiri hadi 1987, na wakaja na gari jingine.

Maandalizi yale hayakuwa ya kawaida. Timu ilifika Kenya mapema kwa majaribio, mafundi wakatawanywa njiani na vipuri, na helikopta ikatangulia mbele ya gari kutazama mto uliofurika au mifugo iliyolala barabarani. Ndege ndogo ilizunguka juu zaidi ikipokea na kupeleka taarifa kwa redio. Ndege ya namna hiyo ndiyo iliyoleta msiba. Wakati wa mbio za Cote d'Ivoire mwaka 1987 ilianguka, na miongoni mwa waliokufa alikuwamo Henry Liddon, Mwingereza aliyekuwa mratibu wa timu na mmoja wa watu wa karibu wa Andersson katika kazi. Toyota ilijiondoa mashindanoni.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya neema. Celica mpya ya magurudumu manne ilimfanya Carlos Sainz wa Hispania kuwa bingwa wa dunia mwaka 1990 na 1992, Kankkunen akafuata mwaka 1993 na Didier Auriol wa Ufaransa mwaka 1994. Waldegård alishinda tena Safari mwaka 1990 akiwa na miaka 46, umri ambao hakuna mshindi wa ubingwa wa dunia wa mbio hizo aliyeuzidi hadi mwaka 2022. Mwaka 1993 Toyota nne zilishika nafasi nne za kwanza Safari, na mwaka uliofuata ushindi ukaenda kwa Ian Duncan, dereva wa Kenya. Watoto wa Nairobi walikuwa wakitengeneza Celica za mabati na mbao.

Kisha ikaja aibu. Kanuni za mwaka 1995 zililazimu hewa yote inayoingia kwenye turbo ipite katika tundu la milimita 34, ili kupunguza nguvu za injini. Katika mbio za Catalunya, Hispania, wakaguzi waligundua kwamba magari ya Toyota yalikuwa na kifaa kilichofungua njia ya pembeni ya hewa, kilichotengenezwa kwa ustadi kiasi kwamba gari lilipofunguliwa kukaguliwa kilijirudisha katika hali ya kawaida. Shirikisho la kimataifa liliifutia Toyota pointi zote za mwaka huo na kuifungia kwa mwaka mzima wa 1996.

Wapo mashabiki ambao mpaka leo hulitaja tukio hilo kwa tabasamu, kana kwamba werevu wa kifaa kile unapunguza kosa. Haupunguzi. Karakana ilikuwa ya Andersson, ingawa kampuni ya Japani ilikwisha kuinunua mwaka 1993 na kumwacha aendelee kuiongoza. Mkuu wa nyumba hawezi kudai sifa za vikombe na kuwaachia mafundi lawama za udanganyifu. Ni haki pia kusema kwamba ushindi wa Safari wa 1984 hadi 1994 ulipatikana kabla ya kanuni iliyovunjwa kuanza kutumika, na haujawahi kufutwa.

Timu ilirudi na gari la Corolla, ikatwaa ubingwa wa viwanda mwaka 1999, mwaka ambao pia gari la Toyota lilimaliza la pili katika mbio za saa 24 za Le Mans. Andersson alikabidhiwa kazi ya kuipeleka Toyota Formula One. Machi 2002, katika mbio zake za kwanza mjini Melbourne, timu ilipata pointi moja kwa Mika Salo aliyekuwa wa sita. Fedha zilikuwa nyingi na ushindi haukuonekana. Ulikuwa ulimwengu wa kamati na vikao, mbali na karakana aliyoianza, na baada ya msimu wa 2003 alistaafu.

Alichagua kuishi Afrika Kusini, na hakuacha usukani. Juni 11, 2008, akishiriki mbio za magari ya kale karibu na mji wa George, akiendesha Volvo yake ya zamani, alipata ajali na kufariki dunia. Alikuwa na miaka 70.

Wakati huo Safari ilikuwa imekwisha kuondolewa katika kalenda ya ubingwa wa dunia, baada ya mashindano ya 2002. Iliporejeshwa mwaka 2021, mshindi alikuwa Sébastien Ogier wa Ufaransa, akiendesha Toyota. Mwaka 2022 Toyota nne zilishika tena nafasi nne za kwanza, kama ilivyokuwa mwaka 1993.