Wolbach: Daktari aliyekufa bila kujua kazi ya bakteria anayebeba jina lake

Vita dhidi ya homa ya dengue vikizungumziwa leo, jina lake halikosekani. Lakini Simeon Burt Wolbach hakuwa mtaalamu wa mbu, na dengue siyo iliyompa umaarufu.

Alizaliwa 1880 mjini Grand Island, jimbo la Nebraska, Marekani. Alihitimu udaktari Harvard 1903, akabobea kwenye patholojia, yaani kuchunguza jinsi ugonjwa unavyoharibu mwili.

Mwaka 1920 alijitosa kwenye hatari. Alikwenda Poland na timu ya watafiti wakati tifasi, homa inayoenezwa na chawa, ikiua watu baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Homa hiyo ilikuwa imeshawaua watafiti wawili waliomtangulia, Howard Ricketts 1910 na Stanislaus von Prowazek 1915. Wolbach alirudi salama, na 1922 timu yake ikachapisha ripoti kubwa kuhusu chanzo cha ugonjwa huo.

Swali likawa, je, wadudu wengine wamebeba nini? Yeye na Marshall Hertig wakaanza kuwachunguza wadudu wa Boston na jirani. Mwaka 1924 wakaripoti bakteria ndani ya viungo vya uzazi vya mbu aina ya Culex pipiens. Hawakuonekana kumdhuru mtu, basi habari ikapoa. Mwaka 1936 Hertig akawaita Wolbachia pipientis, kumuenzi mwenzake.

Wolbach alishageukia utafiti wa vitamini. Alifariki 1954.

Mwaka 1971 ndipo ikajulikana kwamba kumbe bakteria hao wanavuruga uzazi. Dume mwenye nao akikutana na jike asiye nao, mayai hayaanguliwi. Jike mwenye nao huzaa kama kawaida na kuwarithisha watoto wake, hivyo bakteria wanasambaa. Kwa baadhi ya wadudu huua madume, kwa wengine humgeuza dume kuwa jike.

Siku hizi mbu wa dengue, Aedes aegypti, huwekewa Wolbachia maabara kisha huachiwa mitaani, maana bakteria hao huzuia virusi kuzaliana ndani ya mbu. Matokeo ya jaribio la Yogyakarta, Indonesia, yaliyochapishwa 2021, yalionyesha wagonjwa wa dengue wamepungua kwa 77% kwenye maeneo yaliyopata mbu hao. Wolbach alikuwa amefariki miaka 67 kabla.