Jimmie Rodgers: Mfanyakazi wa reli aliyegeuka Chemirocha

JIMMIE Rodgers alizaliwa Mississippi, Marekani, mwaka 1897, akafanya kazi ya reli hadi kifua kikuu kilipomdhoofisha. Mwaka 1927 alianza kurekodi nyimbo za bluzi kwa gitaa. Alifariki dunia New York Mei 26, 1933, akiwa na miaka 35, siku mbili baada ya kurekodi nyimbo zake za mwisho.

Hakuwahi kukanyaga Afrika, lakini santuri zake zilifika Kericho. Wakipsigis walimwita Chemirocha, nusu mtu, nusu swala. Mwaka 1950, huko Kapkatet, kusini mwa Sosiot, Hugh Tracey alirekodi wasichana wakimwimba kwa kinubi. Mwaka 2015 rekodi hizo zilirejeshwa kwao, na jina la marehemu likasikika tena vijijini.