Santiago Ramón y Cajal, Mchoraji wa Ubongo

Wenzangu wakipewa nafasi katika kurasa hizi huandika habari za wafalme na majemadari. Mimi nimemchagua daktari mmoja wa Hispania, kwa sababu sisi tukeshao tukikariri kwa ajili ya mtihani yafaa tujue hicho chombo tunachokitwika mizigo kimejengwa namna gani.

Santiago Ramón y Cajal alizaliwa tarehe 1 Mei 1852 katika kijiji cha milimani kiitwacho Petilla de Aragón. Baba yake, Don Justo, alikuwa tabibu wa vijijini, mtu mkali aliyejisomesha kwa taabu, naye alikwisha kata shauri kwamba mwanawe atakuwa daktari. Mtoto mwenyewe alitaka kuwa mchoraji. Alichora ukutani, alichora pembeni mwa vitabu, na baba akawa akimnyang'anya kalamu. Alipopelekwa shule ya mapadre mjini Jaca, Kilatini cha kukariri kilimshinda kabisa. Alichapwa, akafungiwa chumba cha giza, akanyimwa chakula, na Kilatini hakikuingia. (Walimu wasomao haya wanisamehe, lakini ndivyo ilivyokuwa.) Akiwa na miaka 11 alitengeneza mzinga kwa boriti, akavunja lango la bustani ya jirani, akatiwa mahabusi siku chache. Basi baba akamtia ufundi, kwanza kwa kinyozi, kisha kwa mshona viatu.

Mwaka 1868 Don Justo akapata hila. Usiku mmoja walipanda ukuta wa makaburi, baba na mwana, wakaokota mifupa iliyotupwa, na kijana akapewa aichore. Hapo mchoraji na tabibu wakakutana katika mtu mmoja. Akafaulu udaktari huko Zaragoza mwaka 1873, na mwaka uliofuata akapelekwa na jeshi Cuba, ambako malaria ilikaribia kumwua. Mwaka 1875 alirudi kwao amekonda, na kwa akiba yake ya jeshini akanunua hadubini. Kipindupindu kilipoingia mwaka 1885 alikichunguza kwa bidii, na serikali ya jimbo la Zaragoza ikamshukuru kwa kumpa hadubini mpya ya Zeiss. Nadhani hakuna zawadi iliyopata kulipa vizuri zaidi.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Mwaka 1887, mjini Madrid, daktari Luis Simarro alimwonyesha vipande vya ubongo vilivyotiwa dawa kwa njia ya Mwitaliano Camillo Golgi. Ubongo ni kama msitu mnene. Ukiutia rangi za kawaida, kila kitu kinapata rangi, nawe huoni ila kichaka. Dawa ya Golgi, yenye madini ya fedha, hushika seli chache tu kati ya nyingi, lakini hizo chache huzitia weusi tangu shina hadi ncha ya kila tawi. Golgi alikuwa ameigundua mwaka 1873, na watu hawakuijali sana. Cajal akaishika kama mwenye njaa. Akachagua ubongo wa vifaranga walio bado yaini na wa wanyama wachanga, maana kwao msitu haujafunga, na mwaka 1888, huko Barcelona, akaona kwamba kila seli ya neva husimama peke yake. Hugusana na wenzake bila kuungana nao.

Golgi mwenyewe alishikilia kwamba nyuzi zote zimeungana kuwa wavu mmoja. Hispania haikuwa nchi iliyosikilizwa katika sayansi wakati ule, basi Cajal akachapa jarida lake kwa fedha yake, nakala 60 tu, akazituma kwa wataalamu wa nchi nyingine. Mwaka 1889 alikwenda Berlin na hadubini na vioo vyake. Mzee Kölliker, mkuu kati ya wataalamu wa Ujerumani, aliinama akatazama, akasadiki.

Gamba la ubongo, yaani ile ngozi ya kijivu iliyokunjamana juu yake, lina unene wa milimita 2 hadi 4 tu, na ndani yake zimo seli za neva kama bilioni 16, zimepangwa kwa tabaka; sehemu kubwa ya gamba ina tabaka sita. Cajal alipenda kuliko zote zile zenye umbo la piramidi. Tawi moja hupanda kuelekea juu, uzi mmoja mrefu hushuka kupeleka habari mbali, na matawi yamejaa vijiba vidogo kama vya mchongoma. Wengine walidhani vijiba hivyo ni uchafu wa dawa. Yeye akasema ni sehemu ya seli, na ndivyo ilivyo: wengi wa viungo kati ya seli hizo vipo hapo, na mtu akijifunza, vijiba vingine hukua na vingine hutoweka. Katika hotuba yake London mwaka 1894 alikwisha kuonyesha njia hiyo, kwamba mazoezi ya akili hayaongezi seli bali hukuza matawi na kuimarisha viungo vyake. Hayo aliyasema yule yule aliyeshindwa na Kilatini.

Mwaka 1906 Tuzo ya Nobel iligawanywa kati yake na Golgi. Walikutana Stockholm, na Golgi akaitumia hotuba yake kuyapinga mafundisho ya mwenzake. Cajal alisikiliza, akatoa yake siku ya pili yake. Nimejaribu mara nyingi kufikiri walivyoketi chumba kimoja, mmoja ametengeneza ufunguo na wa pili amefungua mlango.

Golgi alifariki mwaka 1926, na Cajal tarehe 17 Oktoba 1934, mjini Madrid, akiwa na miaka 82. Katika miaka ya 1950 hadubini ya elektroni ilionyesha ufa kati ya seli na seli, upana wake kama milimita moja iliyogawanywa mara 50,000.