Ludwig Guttmann: Daktari mkimbizi aliyewarudisha hai waliohesabiwa wafu

Na Mwandishi Wetu

MASHINDANO ya Olimpiki ya Walemavu yaliyofanyika Paris, Ufaransa, mwaka 2024 yaliwakutanisha wanamichezo zaidi ya 4,000 kutoka kila pembe ya dunia. Wengi wa waliofuatilia mashindano hayo hawafahamu kwamba hayakubuniwa na viongozi wa michezo wala wafanyabiashara.

Yalianza kama dawa. Yalizaliwa katika wodi ya hospitali moja ya mashambani nchini Uingereza, na aliyeyaandika kama daktari aandikavyo vidonge alikuwa mkimbizi wa Kiyahudi kutoka Ujerumani, Dk. Ludwig Guttmann.

Guttmann alizaliwa Julai 3, 1899 katika mji mdogo wa Tost, eneo la Silesia, ambalo wakati huo lilikuwa sehemu ya Ujerumani na leo liko Poland.

Mwaka 1917, Vita Kuu ya Kwanza ikiendelea, kijana huyo alijitolea kufanya kazi ya kuhudumia wagonjwa katika hospitali ya majeruhi iliyokuwa ikipokea wachimbaji wa makaa ya mawe.

Huko alimwona mchimbaji mmoja kijana, mwenye mwili wa nguvu, aliyeletwa akiwa amevunjika mgongo na kupooza miguu. Guttmann alipoanza kuandika kumbukumbu za mgonjwa huyo, aliambiwa asijisumbue, kwani mtu yule angekufa baada ya wiki chache.

Ikawa hivyo. Baada ya wiki tano mchimbaji alifariki dunia. Kilichomuua si mgongo uliovunjika, bali vidonda vya kulala upande mmoja na maambukizi ya njia ya mkojo.

Hiyo ndiyo ilikuwa hukumu ya kila aliyeumia uti wa mgongo zama hizo. Miongoni mwa askari waliopata majeraha ya aina hiyo katika vita ile, wengi walikufa muda mfupi baada ya kuumia. Madaktari waliamini hakuna la kufanya, na kwa kuwa hawakufanya lolote, wagonjwa walikufa.

Guttmann alisomea udaktari katika vyuo vikuu vya Breslau na Freiburg, akahitimu mwaka 1924. Alirejea Breslau kufanya kazi chini ya Profesa Otfrid Foerster, mmoja wa mabingwa wakubwa wa mishipa ya fahamu barani Ulaya.

Alikuwa njiani kuwa mrithi wa mwalimu wake. Lakini mwaka 1933 Adolf Hitler alishika madaraka, na madaktari Wayahudi wakafukuzwa katika hospitali za umma na vyuo vikuu. Guttmann alihamia Hospitali ya Wayahudi ya Breslau, na mwaka 1937 akawa mkurugenzi wake.

Usiku wa Novemba 9, 1938, wafuasi wa Hitler walichoma masinagogi, wakavunja maduka ya Wayahudi na kuwakamata wanaume kwa maelfu. Guttmann aliamuru hospitali yake impokee kila mtu atakayebisha hodi, bila kuuliza anaumwa nini.

Asubuhi yake maofisa wa polisi wa siri, Gestapo, walifika kutaka maelezo. Watu 64 walikuwa wamelazwa usiku mmoja. Daktari huyo aliwapitisha kitanda kwa kitanda, akimpa kila mmoja ugonjwa wake, na wengine wakiwa na magonjwa aliyowatungia papo hapo. Watu 60 kati yao waliokolewa wasipelekwe kwenye kambi za mateso.

Miezi michache baadaye alipata mwanya wa kuondoka. Serikali ya Hitler ilimruhusu kwenda Ureno kumtibu rafiki wa mtawala wa nchi hiyo, António Salazar. Wakati wa kurudi alipitia London, ambako chama cha kuwasaidia wanazuoni wakimbizi kilimwandalia nafasi. Machi 1939 aliwasili Oxford akiwa na mkewe, Else, na watoto wao wawili.

Chuoni Oxford alipewa kazi ya utafiti. Akiwa na mwanasayansi mwenzake, Ernst Gutmann, alichunguza kama kuishtua kwa umeme misuli iliyokatiwa mishipa ya fahamu kunaweza kuizuia isinyauke.

Majaribio hayo yalifanywa kwa sungura, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 1942 na 1944. Yalionyesha kuwa misuli iliyofanyishwa kazi kwa umeme hupungua kidogo kuliko ile iliyoachwa, na kwamba matibabu hayo yanapaswa kuanza mapema. Tiba ya viungo, ambayo madaktari wengi waliiona kama kazi ya kukanda mwili tu, ilikuwa ikipata ushahidi wa maabara.

Hata hivyo, Guttmann hakuridhika kukaa na sungura wakati vita ikizalisha walemavu kila siku. Mwaka 1943 serikali ya Uingereza, ikijiandaa kwa mashambulizi ya kuikomboa Ulaya, ilimtaka aanzishe kituo maalumu cha majeruhi wa uti wa mgongo. Alikubali kwa sharti moja: aachiwe kuwatibu wagonjwa kwa njia zake mwenyewe.

Kituo kilifunguliwa Februari 1, 1944 katika Hospitali ya Stoke Mandeville, karibu na mji wa Aylesbury. Kilianza na vitanda visivyofikia 30 na mgonjwa mmoja.

Askari walioanza kuletwa walikuwa katika hali ya kutisha. Wengi walikuwa wamefungwa plasta mwili mzima, na chini ya plasta nyama ilikuwa ikioza. Walikuwa na homa zitokanazo na mkojo uliochafuka, na walilazwa kwa dawa za usingizi ili wasihisi kifo kinavyokuja.

Daktari alizikata plasta hizo na kupunguza dawa za usingizi. Kisha alitoa amri ambayo mwanzoni wauguzi waliiona haiwezekani: kila mgonjwa ageuzwe kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, bila kukosa hata zamu moja.

Sababu yake ni rahisi kueleweka. Mtu asiyehisi miguu hasikii maumivu ya kulalia sehemu moja, hivyo hajigeuzi. Uzito wa mwili hubana mishipa ya damu, ngozi hukosa damu na kufa, kidonda huanza na sumu huingia mwilini.

Kuhusu mkojo, alisisitiza usafi wa hali ya juu kila mpira wa kuutolea unapowekwa. Mwaka 1947, yeye na mtafiti mwenzake, David Whitteridge, walichapisha uchunguzi ulioonyesha kwamba kwa mtu aliyeumia sehemu ya juu ya uti wa mgongo, kibofu kilichojaa kinaweza kupandisha shinikizo la damu hadi kiwango cha hatari. Jambo hilo hadi leo linafundishwa kwa madaktari na wauguzi kama dharura.

Alikuwa mkali. Alizunguka wodini usiku wa manane kuhakikisha wagonjwa wamegeuzwa, na mfanyakazi mzembe hakumsahau upesi. Lakini wagonjwa walimpachika jina la Poppa, yaani baba, kwa kuwa walijua ukali ule ndio uliokuwa ukiwaweka hai.

Kuishi pekee hakukumtosha. Kila mgonjwa alilazimika kufanya kazi: kuchonga mbao, kutengeneza saa au kupiga chapa. Aliamini kwamba mtu aliyepona vidonda lakini akaachwa bila kazi wala heshima bado hajatibiwa.

Ndipo michezo ikaingia. Alipowaona wagonjwa wakizungusha viti vyao na kupiga kisahani kwa fimbo za kutembelea, alitambua kuwa mchezo unaimarisha mikono na kifua, unafundisha kujimudu kitini na kuondoa unyonge. Tangu hapo mazoezi yakawa sehemu rasmi ya tiba.

Julai 29, 1948, siku ile ile Michezo ya Olimpiki ilipofunguliwa London, aliandaa shindano la kulenga shabaha kwa upinde na mshale katika viwanja vya hospitali. Washindani walikuwa 16, wanaume 14 na wanawake wawili, wote wakiwa ni watu waliopata ulemavu wakiwa jeshini.

Mwaka 1952 timu kutoka Uholanzi ilishiriki na mashindano yakawa ya kimataifa. Mwaka 1960 yalipelekwa Roma, Italia, baada tu ya Olimpiki, na wanamichezo wapatao 400 kutoka nchi 23 wakashiriki. Nyumba walizopangiwa zilikuwa na ngazi, ikabidi askari wa Italia wawabebe kuwapandisha na kuwashusha. Mashindano hayo ya Roma ndiyo yanayohesabiwa kuwa Paralimpiki ya kwanza.

Afrika Mashariki haikukaa nyuma muda mrefu. Kenya na Uganda zilishiriki kwa mara ya kwanza mwaka 1972 mjini Heidelberg, Ujerumani Magharibi, na Tanzania ilifuata mwaka 1992 mjini Barcelona, Hispania.

Guttmann alipewa cheo cha heshima cha Sir mwaka 1966. Aliasisi chama cha kimataifa cha madaktari wa majeruhi wa uti wa mgongo, akawa mhariri wa kwanza wa jarida lao la kitaaluma, na mwaka 1973 akatoa kitabu kikubwa kuhusu matibabu na utafiti wa majeraha hayo. Alifariki dunia Machi 18, 1980, akiwa na umri wa miaka 80.

Mwaka 2012, London ilipoandaa michezo hiyo, sanamu yake ilizinduliwa Stoke Mandeville. Lakini kumbukumbu yake kubwa zaidi haiko kwenye sanamu.

Katika nchi zetu, ambako ajali za barabarani na kuanguka kutoka juu ya miti na majengo huwavunja mgongo vijana wengi, bado wapo wanaorudishwa nyumbani na kuachwa chumbani kama mzigo. Vidonda na mkojo vinawaua, kama vilivyomuua yule mchimbaji mwaka 1917.

Tiba aliyoiacha daktari huyo haihitaji kwanza mashine za gharama kubwa. Inahitaji mikono ya kumgeuza mgonjwa kila baada ya saa mbili, usafi, mazoezi, na imani kwamba aliyepooza miguu bado ana maisha mbele yake.