Livingstone na Ardhi Iliyoshiba Maji

Tulifundishwa kwamba David Livingstone alikuwa mtu wa kutembea. Nimemsoma upya nikitazama alipolala na alipojenga, na naona miaka yake ya mwisho ilitawaliwa na udongo.

Alizaliwa Blantyre, Scotland, mwaka 1813. Alifanya kazi katika kiwanda cha pamba tangu ana miaka 10, akasomea udaktari, akafika Afrika mwaka 1841. Hayo yanajulikana. Mwishoni mwa Machi 1871 alifika Nyangwe, ukingoni mwa Lualaba, akidhani huo ndio mwanzo wa Nile. Alitaka mitumbwi, akanyimwa. Basi akahamia nyumba mpya, maana ile ya kwanza ilijaa papasi. Karatasi zikamwishia, akaandika juu ya magazeti ya zamani. Tarehe 15 Julai watu wa wafanyabiashara wa pwani walifyatua bunduki sokoni. Mamia walikufa, wengi wao wanawake waliojitosa mtoni. Siku tano baadaye aliiacha nyumba yake na Nyangwe pia.

Katika shajara zake anarudia mno kutaja mabonde aliyoyaita sifongo: juu majani, chini udongo mweusi ulionyonya maji. Ukitazama waona uwanja, ukikanyaga wazama. Hapo hukumbuka Siberia, ambako barafu ndiyo inayoushika udongo. Joto la nyumba likishuka chini, barafu huyeyuka, ardhi huwa tope na kuta hupasuka. Kwa hiyo wenyeji huinua majengo juu ya nguzo, upepo wa baridi upite chini.

Mwaka 1873, masika, Livingstone alivuka vinamasi vya Bangweulu akitokwa damu, mwishowe akabebwa kwa machela. Kijijini kwa Chitambo, Susi, Chuma na wenzao walimjengea kibanda. Hawakumlaza sakafuni: walimwinulia kitanda cha vijiti na majani. Siberia huikinga ardhi na joto la mtu. Wao walimkinga mtu na maji ya ardhi. Nionavyo, kitanda kile kilijua zaidi kuhusu sifongo kuliko shajara nzima.

Alfajiri ya 1 Mei walimkuta amepiga magoti kando yake, amekufa. Walizika moyo chini ya mti, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaubeba hadi Bagamoyo. Walifika Februari 1874.