Maisha ya Aldus Manutius, Mpiga Chapa wa Nanga na Pomboo

Mara nyingi katika kurasa kama hizi twasoma habari za wafalme, majemadari na wasafiri. Leo napenda kuwaeleza habari za mtu ambaye hakuvaa taji wala hakushika upanga. Alikuwa mwalimu, kisha akawa mpiga chapa, na hata leo tunapofungua kitabu kidogo cha kuchukulika mkononi twanufaika na kazi yake. Jina lake ni Aldus Manutius wa Venice, na alama yake ilikuwa pomboo aliyejizungusha katika nanga.

Kabla sijasimulia maisha yake, yafaa nieleze kwanza kwa nini wapiga chapa wa Ulaya walikuwa na alama. Biblia ya Johann Gutenberg, iliyopigwa chapa huko Mainz katika Ujerumani karibu na mwaka 1455, haina jina la aliyeitengeneza. Lakini mwaka 1457 Johann Fust na Peter Schoeffer wa mji huo huo walitoa kitabu cha Zaburi chenye majina yao na tarehe, na baadaye alama yao ikajulikana, yaani ngao mbili zilizotundikwa juu ya tawi. Huko Uingereza William Caxton naye alitumia herufi za kwanza za majina yake. Desturi hii ilifanana na ile ya wafanyabiashara waliopiga alama juu ya marobota na mapipa yao, ili mali ijulikane ni ya nani hata ikifika bandari ya mbali. Mpiga chapa aliyetia alama yake alikuwa kama mtu anayesema mbele ya watu kwamba kazi hii ni yangu, na ikiwa ina kosa, lawama ni yangu.

Aldus alizaliwa karibu na mwaka 1450 katika mji mdogo wa Bassiano, kusini ya Roma. Alisoma Kilatini huko Roma, kisha akaenda Ferrara kujifunza Kigiriki. Alikuwa na rafiki aitwaye Giovanni Pico della Mirandola, kijana wa ukoo wa watawala aliyesifika sana kwa elimu. Kwa ajili ya urafiki huo Aldus alipewa kazi ya kuwafundisha wapwa wa Pico, Alberto na Leonello Pio, watawala wa Carpi.

Katika kufundisha ndipo alipoiona shida iliyogeuza maisha yake. Elimu nyingi ya kale ilikuwa imeandikwa kwa Kigiriki, lakini vitabu vilikuwa haba, tena vilinakiliwa kwa mkono, na kila mwandishi aliongeza makosa yake juu ya makosa ya mwenziwe. Mwaka 1453 Waturuki waliuteka mji wa Constantinople, na wataalamu wengi wa Kigiriki wakakimbilia Italia. Mmoja wa wataalamu hao, Kardinali Bessarion, ambaye alikuwa amekwisha hamia Italia kabla ya vita hiyo, alitoa vitabu vyake kwa serikali ya Venice mwaka 1468. Aldus aliogopa kwamba maandiko yale, yakiachwa katika nakala moja moja, yangeweza kupotea kabisa kwa moto, kwa maji au kwa vita. Basi karibu na mwaka 1490 akahamia Venice. Umri wake ulikuwa yapata miaka arobaini, umri ambao watu wengi hupenda kutulia, lakini yeye alikwenda kuanza kazi mpya asiyoizoea.

Haikuwa kazi rahisi. Kigiriki kina alama nyingi zinazowekwa juu ya herufi, kwa hiyo fundi hana budi kuchonga sura nyingi za herufi moja. Fedha zilitakikana, na Aldus hakuwa nazo. Alisaidiwa na Andrea Torresani, mpiga chapa mzoefu, pamoja na Pierfrancesco Barbarigo, mtu wa ukoo wa watawala wa Venice. Mwaka 1495 kikatoka kitabu chake cha sarufi ya Kigiriki kilichotungwa na Constantine Lascaris. Baada ya hapo alianza kutoa kazi za Aristotle katika majuzuu matano makubwa, na akazimaliza mwaka 1498. Katika kitabu kingine kidogo cha Kilatini alichokitoa wakati huo, ilionekana nukta mkato kwa sura ile ile tunayoiandika sisi katika madaftari yetu.

Kwa kuwa kazi ilihitaji watu wajuzi, Aldus aliwakusanya wataalamu wakafanya chama. Sheria yao moja iliwaamuru kusema Kigiriki tu wanapokutana. Aliyekosea alitozwa sarafu ndogo, na fedha zikiisha kuwa nyingi walifanyiwa karamu. Nadhani wanafunzi wengi wanaijua adhabu ya kusema lugha isiyoruhusiwa, ila karamu hawajaiona!

Sasa nafika kwenye mwaka 1501. Mpaka wakati huo vitabu vya watunzi wakuu vilikuwa vikubwa na vizito, vya kuwekwa juu ya meza. Aldus alichukua karatasi moja akaikunja mara tatu, ikatoa majani manane, yaani kurasa kumi na sita. Kwa namna hiyo alitoa mashairi ya Virgil katika kitabu kidogo cha kushikwa kwa mkono mmoja, ambacho mtu aliweza kukisoma safarini au chini ya mti. Fundi wake, Francesco Griffo wa Bologna, alimchongea herufi nyembamba zilizoinama kidogo, mfano wa mwandiko wa mkono. Hizo ndizo herufi za mlazo tunazoziona hata sasa katika vitabu vyetu. Kwa bahati mbaya Aldus na Griffo waligombana. Serikali ya Venice ilimpa Aldus haki ya pekee ya kutumia herufi hizo, na Griffo, aliyezichonga kwa mikono yake, akaondoka kwenda kufanya kazi kwingine. Sioni vema kuificha habari hii, maana mtu mkubwa naye huweza kumpunja fundi wake sifa.

Mwaka 1502 ndipo alama ya pomboo na nanga ilipoanza kuonekana katika vitabu vyake. Asili yake ni sarafu ya fedha ya zamani za Mfalme Titus wa Roma, ambayo Aldus alipewa na rafiki yake Pietro Bembo. Pomboo ni mwepisi kuliko wanyama wengi wa baharini, na watu wa pwani waliomwona akishindana na jahazi watanielewa. Nanga kazi yake ni kuzuia chombo kisichukuliwe na maji. Vikiunganishwa, maana yake ni kufanya upesi lakini kwa utaratibu. Wazee wetu wametuachia methali mbili zinazoonekana kama zinapingana: haraka haraka haina baraka, na ngoja ngoja huumiza matumbo. Aldus alizichukua fikira hizo mbili akazitia katika picha moja. Alikuwa na haraka ya kuviokoa vitabu, lakini kila ukurasa ulipaswa kusomwa na kusahihishwa kabla ya kupigwa chapa.

Baada ya sifa wakaja wezi. Katika mji wa Lyon, huko Ufaransa, wapiga chapa walianza kuviiga vitabu vyake vidogo, kwa ukubwa ule ule na kwa herufi za mlazo, bila jina la mpiga chapa, bila mahali wala mwaka. Mnunuzi aliyeona sura tu alidhani amepata kitabu cha Venice. Mwaka 1503 Aldus alitoa karatasi ya kuwaonya watu. Alieleza kwamba karatasi ya vitabu vile ilikuwa mbaya na yenye harufu, kisha akaorodhesha makosa yaliyokuwamo, kitabu kwa kitabu. Wale wa Lyon wakaichukua orodha ile, wakayasahihisha makosa yao, wakaendelea kuuza! Aldus alikuwa amewafanyia kazi ya usahihishaji bure. Hata hivyo nafikiri msomaji wa Lyon alipata kitabu kilicho sahihi zaidi kuliko kile cha kwanza, na usahihi huo ulitokana na bidii ya Aldus.

Mwaka 1505 Aldus alimwoa Maria, binti wa Andrea Torresani. Mwaka uliofuata, akiwa safarini, alishikwa na askari wa Mantua waliomdhania mhalifu, akafungwa kwa siku chache mpaka alipotambuliwa. Nyumbani nako hakupata raha, maana wageni walikuja kila siku kumtazama. Ikambidi aweke tangazo mlangoni kuwaomba waeleze haja zao kwa maneno machache na kwenda zao, isipokuwa wamekuja kusaidia kazi. Mgeni mmoja aliyekuja kusaidia ni Erasmus wa Rotterdam. Mwaka 1508 alikaa katika kiwanda akiandika kitabu chake kikubwa cha methali, huku mafundi wakizichukua karatasi zake na kuzipanga kwa herufi. Katika kitabu hicho Erasmus alieleza kwa urefu maana ya pomboo na nanga, na kwa hiyo alama ile ikazidi kujulikana kote Ulaya.

Mwaka 1509 vita vilimlazimisha Aldus kufunga kiwanda na kuondoka Venice. Alirudi kazini mwaka 1512, na mwaka 1513 akatoa kazi za Plato kwa Kigiriki. Lakini nguvu zake zilikuwa zimepungua. Alifariki dunia tarehe 6 Februari, 1515. Mwili wake ulipowekwa katika kanisa la San Paternian, vitabu alivyovipiga chapa vilipangwa kulizunguka jeneza lake. Siku hizi kanisa hilo halipo tena, maana lilibomolewa katika karne ya 19.

Alipokufa, wezi hawakukoma. Mwaka 1518 jamaa zake waliwaonya wasomaji kwamba wapiga chapa wa Florence sasa wanaiga hata alama yenyewe, lakini pomboo wao ameelekeza kichwa upande wa kushoto, na pomboo wa Aldus huelekea kulia. Mwanafunzi aliyepata kuchonga mhuri wa kiazi ataweza kukisia sababu. Alama ilichongwa juu ya kipande cha ubao, na kila kilichochongwa hutoka kinyume kinapopigwa juu ya karatasi. Yamkini fundi wa Florence aliifuata picha kama alivyoiona kitabuni, na pomboo wake akageuka. Kosa kama hilo lilimtokea mtu aliyekuwa na haraka ya pomboo bila kuwa na nanga.

Mwana wa Aldus, Paolo, na mjukuu wake aliyeitwa Aldus kwa jina la babu, waliendesha kazi hiyo katika karne ile ya 16, na mjukuu huyo alifariki mwaka 1597. Zaidi ya miaka mia mbili baadaye William Pickering wa London aliichukua alama ya nanga na pomboo akaitia katika vitabu vyake, akijiita mwanafunzi wa Aldus. Huyo hakuiba, kwani alilitaja jina la mwalimu wake waziwazi.

Ndugu zangu wanafunzi, kila muhula sisi nasi twaandika majina yetu juu ya madaftari na karatasi za mtihani. Wako wanaonakili kazi ya jirani, wakati mwingine pamoja na makosa yake, kisha wakaweka jina lao chini. Habari za Aldus zinanionyesha kwamba kuchonga alama ni kazi ya siku moja, na mwizi yeyote aweza kuifanya. Alama ya Aldus ilipata thamani kwa sababu ya miaka ishirini ya kusoma kila mstari kabla ya kuutoa. Basi tunapotia jina letu juu ya kazi, tuisome kwanza mara moja zaidi.