Daktari Aliyekamatwa Mwaka wa Kwanza

Kila matokeo ya mwaka yakibandikwa, kuna mwenzetu mmoja anafunga begi kimyakimya na kuondoka hosteli bila kuaga. Tunasema jamaa kadisko, tunasikitika dakika mbili, kisha tunarudi kwenye foleni ya chakula. Leo naomba niwasimulie habari za mwanafunzi mmoja wa zamani aliyefeli mwaka wake wa kwanza chuoni. Nina sababu yangu binafsi ya kumkumbuka. Bila yeye, mdogo wangu wa mwisho asingekuwepo.

Anaitwa Frederick Banting. Alizaliwa tarehe 14 Novemba 1891 kwenye shamba karibu na mji mdogo wa Alliston, jimbo la Ontario, Kanada, akiwa kitinda mimba katika familia ya watoto watano. Darasani hakuwa mtu wa kung'ara, na tahajia ilimsumbua maisha yake yote. Mwaka 1910 akaingia Chuo Kikuu cha Toronto kusoma masomo ya sanaa. Mwaka wa kwanza akafeli. Wengi wangeishia hapo, wakarudi kulima na baba. Yeye akaomba ahamie udaktari, na mwaka 1912 akakubaliwa.

Vita Kuu ya Kwanza ikamkuta darasani. Masomo ya madaktari yakaharakishwa, naye akahitimu Desemba 1916 akiwa tayari ni mwanajeshi. Septemba 1918, kwenye mapigano ya Cambrai huko Ufaransa, kipande cha kombora kilimjeruhi mkono wa kulia, akaendelea kuhudumia majeruhi wengine. Walimpa nishani. Lakini nishani hailipi kodi ya nyumba, bwana. Aliporudi Kanada hakupata nafasi ya kudumu hospitalini Toronto, akaenda kufungua kliniki yake katika mji wa London, Ontario, Julai 1920. Akakaa anasubiri wagonjwa. Siku zikapita, hakuna aliyebisha hodi. Mwezi wa kwanza mzima alipata dola 4. Uchumba wake nao ukaanza kuyumba. Ili apate chochote akawa anafundisha kwa saa katika chuo cha pale mjini. Kwa lugha yetu, alikuwa anabangaiza.

Usiku wa kuamkia tarehe 31 Oktoba 1920 alikuwa anajiandaa kufundisha kuhusu kongosho, akasoma makala juu ya kiungo hicho, akalala vibaya. Kwenye saa nane usiku akaamka na wazo, akaliandika haraka kwenye daftari. Hata neno kisukari kwa Kiingereza alilikosea herufi. Wazo lenyewe lilikuwa hivi: kongosho lina kazi mbili. Linatoa maji ya kusaga chakula, na pia linatoa kitu fulani kinachoingia kwenye damu na kudhibiti sukari. Banting aliona kwamba mtu akifunga mirija ya mbwa inayopitisha yale maji ya kusaga chakula, sehemu hiyo ya kongosho itanyauka, na kile kitu kingine kitabaki salama cha kutolewa.

Siku hizo mtoto akipata kisukari cha aina ya kwanza, wazazi walikuwa wanahesabu miezi. Tiba iliyokuwepo ilikuwa ni kumnyima chakula ili sukari isipande, hivyo mtoto akafa taratibu kwa njaa badala ya kufa haraka kwa ugonjwa.

Banting akampelekea wazo lake Profesa J. J. R. Macleod wa Chuo Kikuu cha Toronto. Profesa hakuvutiwa sana, maana mgeni huyu hakuwa mtafiti na hakujua vizuri yaliyokwisha kuandikwa. Hata hivyo akampa chumba cha maabara, mbwa 10 na nafasi ya mwanafunzi mmoja wa kumsaidia. Wanafunzi wawili walirusha sarafu nani aanze. Akaanza Charles Best, mwenye miaka 22, na yule mwingine hakuwahi kuchukua zamu yake. Kazi ikaanza Mei 1921. Banting hakuwa na mshahara. Joto la kiangazi lilikuwa kali, mbwa wa mwanzo walikufa mmoja baada ya mwingine kwa upasuaji na vidonda.

Hapa ndipo nataka mnisikilize vizuri, hasa ninyi wa kompyuta na wa sayansi. Banting alikuwa mtu wa kisu, Best alikuwa mtu wa vipimo. Kila walipomdunga mbwa ile dawa yao, Best alichukua damu kidogo, akaipima sukari kwa kemikali, akaandika namba, akasubiri, akapima tena. Mwisho wa Julai namba za mbwa mmoja mwenye kisukari zilishuka ndani ya saa moja. Bila msururu ule wa namba wangebaki na hisia tu kwamba mbwa anaonekana ana nafuu.

Sasa niwaeleze sababu yangu. Mdogo wangu wa kike aligundulika na kisukari cha aina ya kwanza akiwa na miaka tisa. Anaishi nyumbani na mama, mimi niko huku chuoni. Mwaka wa pili, ndugu yetu mmoja alipotuletea kihisi cha sukari, nilikaa likizo nzima nikiunganisha mfumo wa kujitengenezea. Kihisi kinabandikwa mkononi, uzi wake mwembamba unakaa chini ya ngozi, kinasoma glukosi kwenye majimaji yaliyo kati ya seli. Simu ya mdogo wangu inapokea namba kila dakika tano na kuzirusha kwenye seva, nami naziona kwenye simu yangu hata nikiwa lekcha. Programu yenyewe inaitwa Nightscout. Ilianzia Marekani mwaka 2013 kwa wazazi waliochoka kusubiri kampuni ziwaruhusu kuona sukari ya watoto wao wakiwa mbali. Waliandika msimbo wenyewe, kisha wakaugawa bure kwa yeyote.

Usiku mmoja kengele ililia saa tisa, namba ni 3.1 na mshale unaelekea chini. Nikampigia mama mara nne. Akaamka, akampa maji ya sukari, asubuhi binti akaenda shule. Nikajiona mhandisi kweli.

Wiki tatu baadaye nikaangalia simu kabla ya kulala: 7.2. Safi, nikalala. Asubuhi mama akapiga simu analia. Alikuwa amemkuta mtoto amelowa jasho, anatetemeka, hawezi hata kutamka jina lake. Kumbe bando lilikuwa limekwisha tangu saa mbili usiku. Ile 7.2 ilikuwa ya zamani, na saa yake ilikuwa imeandikwa palepale pembeni. Mimi niliangalia namba, sikuangalia saa. Mama alimpaka asali ndani ya shavu, kidogokidogo, akarudi. Sijawahi kuogopa vile, hata siku ya matokeo.

Kipindi hicho ndipo nilipoanza kusoma maisha ya Banting, na nikakuta kwamba naye alipita hapo. Tarehe 11 Januari 1922, kwa haraka ya kutaka kuwa wa kwanza, yeye na Best walitaka dawa waliyoitengeneza wenyewe ijaribiwe kwa Leonard Thompson, kijana aliyelazwa Hospitali Kuu ya Toronto akiwa mifupa mitupu, kama kilo 29. Sukari ilishuka kidogo tu, na pale alipodungwa pakafanya jipu. Dawa ilikuwa chafu. Wakasimamisha. Ilikuwa aibu kubwa, na ndani ya kikundi ugomvi ukawaka. Inasimuliwa kwamba Banting alimvamia mwilini James Collip, mkemia aliyejiunga nao Desemba na kupata njia bora ya kuisafisha dawa. Ni dawa ya Collip iliyorudishwa kwa Leonard tarehe 23 Januari. Sukari yake ikashuka kutoka karibu 29 hadi chini ya 7, kwa vipimo vya mashine zetu za leo. Akaishi miaka mingine 13.

Tusimfanye Banting malaika. Wazo lake la usiku lilikuwa na kasoro: kufunga mirija hakukuhitajika, na dawa ilikuja kutolewa kwenye kongosho za ng'ombe kutoka machinjioni. Huko Romania, Nicolae Paulescu alikuwa amechapisha matokeo yanayofanana mwaka 1921, na hakukumbukwa. Banting alipopewa Tuzo ya Nobel ya 1923 pamoja na Macleod alikasirika, maana aliamini Best ndiye aliyestahili, akamgawia Best nusu ya fedha zake. Macleod naye akagawana na Collip. Mpaka leo hakuna aliyeipata tuzo hiyo ya tiba akiwa na umri mdogo kuliko Banting.

Lakini kuna jambo moja hakuliyumbia. Banting, Best na Collip waliiuzia Chuo Kikuu cha Toronto haki ya ugunduzi wao kwa dola 1 kila mtu, ili mtu mmoja asije akaifungia dawa kabatini. Nikifikiria wale wazazi walioachia msimbo wao bure, naona ni ukoo uleule, ingawa bei ya insulini na vihisi leo inatukumbusha kwamba si kila aliyekuja baadaye aliurithi moyo huo.

Banting alifariki Februari 1941 akiwa na miaka 49, ndege ya kijeshi iliyokuwa ikimpeleka Uingereza ilipoanguka Newfoundland. Siku yake ya kuzaliwa, 14 Novemba, ndiyo Siku ya Kisukari Duniani.

Baada ya usiku ule niliongeza kitu kimoja kwenye mfumo wetu: namba ikikaa dakika 15 bila kubadilika, simu yangu inalia kama vile sukari imeshuka. Mama naye ameweka kanuni yake, kabla ya kulala anamtoboa binti kidole na kupima kwa mashine ya kawaida, simu iseme isemavyo. Kihisi kinadumu wiki mbili tu na bei yake bumu haliiwezi, kwa hiyo kuna miezi tunabaki na kidole na daftari. Daftari hilo huwa naliomba kila nikienda likizo. Mdogo wangu huandika namba, na pembeni yake, kwa wino mwekundu, huandika saa. Anasema ni kwa ajili yangu.